Herufi Moja Katika Ujumbe

Ufupisho wa maneno si jambo geni katika miteremko ya Kilimanjaro. Wakulima wa kahawa walikuwa na KNPA tangu mwaka 1925. Nafasi yake ikashikwa na KNCU mwaka 1933, na herufi hizo nne zikapata heshima ya jina kamili, hata asiyejua kirefu chake alizitamka bila kusita. Mwaka 1971 Moshi ikapata hospitali ya KCMC, na wagonjwa wakaizoea vivyo hivyo.

Ufupisho wa vijana katika simu ni wa namna nyingine. Ulizaliwa na ubanifu: ujumbe mmoja ulikuwa na nafasi ya herufi 160, na kila ujumbe ulikuwa na bei yake. Basi “mtu” akawa “m2”, na “siku” ikawa “cku”. Ajabu ni kwamba alama hizo husomwa kwa sauti ya Kiingereza ili zizae neno la Kiswahili. Ahesabuye moja, mbili, hawezi kuiona “tu” ndani ya 2. Na Kiswahili sanifu hakina c isiyofuatwa na h. Wala mchezo huu si wa vijana peke yao. OMG, inayotapakaa leo katika intaneti, iliandikwa na Admeri Fisher katika barua kwa Churchill mwaka 1917, naye alikuwa mzee wa miaka 76.

Mzee mmoja wa Marangu aliletewa ujumbe na mjukuu wake aliyekuwa Dar es Salaam, siku chache kabla ya Krismasi: “Babu ctakuja.” Aliidhani c kuwa kosa la kidole, akasoma “takuja”, kama wasemavyo watu wenye haraka. Mbege ikapikwa, mbuzi akachinjwa. Ukanusho wote ulikuwa umebebeshwa herufi moja, mzigo mzito kupita kiasi, na herufi hiyo ndiyo aliyoitupa. Siku ya sikukuu alikaa nje mpaka jioni, akiitazama njia ipitayo migombani.

Usiku mjukuu alipiga simu kumtakia heri.

“Hiyo c ni si, Babu. Ni ileile ya KNCU.”

Mzee alinyamaza. Sauti hiyo alikuwa ameitamka maisha yake yote, kila alipopeleka kahawa mizanini.

Pasaka ilipokaribia aliletewa “2takuja”. Safari hii hakumgusa mbuzi. Alipiga simu kwanza, akauliza kama wajao ni wawili. Akaambiwa ni watano.