Mficha Maradhi: Vidonge vya Presha na Haya Zetu



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Aliyeyaumba maradhi na kuyaumbia dawa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Katika maswali yanayonifikia baada ya darsa, lipo moja ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini, muulizaji akiwa amesubiri wenzake waondoke. Si la mirathi wala la talaka. Ni hili: "Sheikh, nikiacha vidonge vya presha nikamtegemea Mola wangu, nitakuwa na kosa?" Wanaoliuliza ni wengi, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Nikiwadadisi kwa upole hubainika kwamba imani yao haina kasoro. Kilichowachosha ni jambo ambalo dawa inawafanyia mwilini, nao wameona haya kulitaja mbele ya daktari. Basi wanakuja kutafuta fatwa kwa jambo ambalo lingetatuliwa kwa maneno mawili matatu hospitalini.

Kuhusu hukumu, jibu halina utata. Mtume (s.a.w.) alijitibu na akawaelekeza watu wajitibu, na akafundisha kwamba hapana maradhi yaliyoteremshwa bila ya dawa yake. Ndani ya Qur'ani tumekatazwa kujitupa wenyewe katika maangamizi. Nahodha wa jahazi humtegemea Mungu baada ya kukalafati chombo chake; hakuna nahodha mwenye akili anayeacha tundu wazi kisha akasema ametawakali. Mgonjwa naye humtegemea Mungu huku akimeza kidonge chake.

Lakini kumwambia mtu "meza dawa" na kumwacha hapo hakutoshi, kwa kuwa usumbufu wake ni wa kweli. Presha ni maradhi ya kimya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao bilioni 1.28, wenye umri wa miaka 30 hadi 79, walikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao walikuwa hawajijui. Madaktari huihesabu presha kuwa juu inapofika 140 kwa 90 au kuzidi, ikipimwa katika siku mbili tofauti. Mwenye 170 huweza kupika, kufua, kucheka na kwenda harusini bila ya kuhisi lolote. Siku akianza dawa ndipo miguu inapovimba au kichwa kinapomzunguka. Hapo ndipo ulipo mtihani: maradhi hayaumi, dawa ndiyo inayosumbua. Nafsi ya mwanadamu huchagua kuacha kinachosumbua, na kiharusi kinakuja baadaye bila ya kubisha hodi.

Nitaeleza mambo mawili niliyoyashuhudia, nikiwa nimeyaficha yote yanayoweza kuwatambulisha wenyewe.

La kwanza ni la mama mmoja mtu mzima aliyepatwa na kikohozi kikavu. Alikunywa tangawizi na asali, akanywa dawa za kifua chupa baada ya chupa, na kikohozi kikaendelea miezi. Katika swala ya tarawehe alikuwa akirudi nyuma mpaka safu ya mwisho ili asiwasumbue wenzake. Nyumbani watu walianza kuhofia kifua kikuu, na kikombe chake kikatengwa peke yake juu ya kabati. Aliniambia kwamba kikombe kile kilimuumiza kuliko kikohozi chenyewe. Makohozi yalipopimwa, kifua kikuu hakikuonekana. Hatimaye muuguzi mmoja alimuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mama, unameza vidonge gani?" Alikuwa akimeza enalaprili. Dawa hiyo, pamoja na ndugu zake lisinoprili na kaptoprili, hujulikana kwa kuleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watumiaji, na wanawake huathirika zaidi. Daktari alimbadilishia akampa losartani, ambayo ni nadra kuleta kikohozi hicho. Baada ya wiki chache kifua kilitulia, na kikombe kikarudi pamoja na vingine.

La pili ni la mume na mke waliokuja kwangu kwa ajili ya suluhu. Mke alilalamika kwamba mumewe amemwepuka kitandani kwa muda mrefu, naye ameyakinisha kwamba yuko mwanamke mwingine. Mume alinyamaza, macho chini. Nilipobaki naye peke yake alisema kwamba uwezo wake ulipungua tangu alipoanzishiwa atenololi, na kwamba amekwisha kuacha dawa bila ya kumwambia mtu. Mwanamke mwingine hakuwako. Kilichokuwako ni kidonge, na aibu, na ndoa ya miaka mingi iliyokuwa ikibomoka kwa sababu ya jambo lisilotamkwa. Atenololi na jamii yake, na pia baadhi ya vidonge vya mkojo, huweza kupunguza nguvu hizo kwa baadhi ya wanaume. Na presha yenyewe isipotibiwa huharibu mishipa ikaleta tatizo lilo hilo. Nilimsihi arudi kwa daktari siku ile ile, kwani atenololi ikikatizwa ghafla moyo huweza kwenda mbio na kifua kikabana. Alirudi, akabadilishiwa dawa taratibu. Mke alipoelezwa alilia, akasema: "Kwa nini hukuniambia, baba watoto?"

Wahenga wetu walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ningependa tuongeze kwamba mficha madhara ya dawa naye yumo katika methali hiyo.

Mimi mwenyewe ni mmoja wa wanaomeza vidonge hivi. Nilipoanzishiwa amlodipini, baada ya wiki kadhaa nyayo na vifundo vya miguu vilivimba, makubadhi yakawa hayaingii kufikia jioni. Nilimwonyesha daktari. Akanifahamisha kwamba dawa hii huilegeza mishipa ya damu ili ipanuke, na kwa kupanuka huko maji huvuja na kutuama miguuni, hasa dozi ikiwa kubwa. Akaipunguza dozi, akaniongezea losartani kidogo, na uvimbe ukapungua. Mazungumzo yetu hayakuzidi dakika kumi.

Inafaa basi kila mwenye kumeza dawa ajue jina la kidonge chake na tabia yake. Amlodipini na nifedipini huweza kuvimbisha miguu, kuumiza kichwa na kuleta joto usoni. Hidroklorothiazaidi, ambacho wengi hukiita kidonge cha mkojo, hutoa maji na chumvi mwilini. Huweza kupunguza potasiamu, na mtu akahisi udhaifu au misuli kukaza. Wako akina mama wanaokiruka kila siku ya harusi au ya safari ya matatu kutoka Malindi hadi Mombasa, kwa kuchelea kutafuta choo njiani. Badala ya kukiruka, na wamuulize daktari kama wanaweza kukimeza saa nyingine siku hiyo. Atenololi na propranololi hupunguza mapigo ya moyo na huweza kuleta uchovu na ubaridi wa mikono. Kwa mwenye pumu ni hatari. Kwa hiyo tabia yetu ya kuazimana vidonge ("chukua hiki, mimi kimenifaa") na iachwe. Kilichomfaa jirani huenda kikamzuia mwenzake pumzi.

Lipo dhara moja lisilongoja miadi ya kliniki. Mwenye kumeza enalaprili au ndugu zake, midomo, ulimi au uso ukimvimba ghafla, na asimeze tena kidonge hicho, na akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Jambo hili ni nadra, lakini sisi watu wa asili ya Kiafrika hutupata zaidi kuliko wengine.

Kwa mabinti zetu na wake zetu walio katika umri wa kuzaa, nasema kwa mkazo: enalaprili, lisinoprili, kaptoprili na losartani hazifai kwa mwenye mimba, kwa kuwa huweza kudhuru figo za mtoto na hata kumwua tumboni. Mwenye kutumia dawa hizi akitaka kushika mimba, amwambie daktari mapema. Na akijikuta ana mimba, aende mara moja abadilishiwe. Zipo dawa zilizozoeleka kwa wajawazito, kama vile methildopa. Asikatize tiba mwenyewe akakaa bila ya dawa, kwani presha katika ujauzito huweza kuwaangamiza mama na mtoto pamoja.

Tuje kwenye ibada. Dawa hizi huweza kushusha presha ghafla mtu anapoinuka, na wazee wetu huanguka wanapoamka kwa ajili ya alfajiri. Dawa ya hilo ni kuketi kwanza ukingoni mwa kitanda kwa muda, kisha kusimama kwa kushika kitu. Katika swala, anayezungukwa na kichwa akiinuka kutoka sijda na ainuke polepole. Na akishindwa kusimama, sharia imemruhusu aswali akiwa ameketi, na ujira wake haupungui. Kizunguzungu cha namna hiyo kikirudi mara kwa mara, daktari aambiwe, huenda dozi ni kubwa.

Kuhusu Ramadhani, mwenye maradhi na aende kliniki katika Shaabani, asingoje mwezi uandame. Amlodipini humezwa mara moja kwa siku, nayo hupangika kwa urahisi wakati wa futari au daku. Kaptoprili humezwa mara mbili au tatu kwa siku, hivyo daktari huweza kuibadilisha. Kidonge cha mkojo kikimezwa daku, katika joto la pwani yetu, huweza kumkausha mfungaji mchana; wengi huhamishiwa jioni. Na yule ambaye tabibu mwaminifu amemwambia kwamba saumu itamdhuru, ruhusa ya kula ni hiba kutoka kwa Mola wake. Kuikataa hiba hiyo hadi kuanguka njiani si uchamungu.

Yapo pia yanayoidhoofisha dawa bila ya sisi kujua. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, vinavyonunuliwa dukani kwa ajili ya magoti na mgongo, hupandisha presha, na vikichanganywa na dawa hizi huweza kuumiza figo. Chumvi nayo: Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na hapo pamehesabiwa chumvi yote iliyomo ndani ya papa, ng'onda, achari na vidonge vya kukoleza mchuzi. Madafu ni neema, lakini yana potasiamu nyingi. Mwenye maradhi ya figo anayemeza losartani au enalaprili na aulize kwanza kiasi gani anywe.

Ama habbat sauda, mwarubaini na hijama, simkatazi mtu kutafuta shifaa kwa njia ya halali. Ninalokataza ni kuvifanya badala ya kidonge bila ya kupima, na kumficha daktari. Kaptoprili yenyewe, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1981, ilibuniwa baada ya wataalamu kuchunguza sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaka, ambaye akimwuma mtu presha yake huporomoka. Subhanallah! Aliyeweka mauti katika jino la nyoka ameweka humo humo njia ya uhai. Wala watu hawakuifikia kwa kumeza sumu ile. Waliifikia kwa miaka ya kupima na kujaribu.

Ndugu zangu, nawausieni mambo manne. Andikeni majina ya dawa zenu kwenye karatasi na muende nayo kila kliniki. Pimeni presha baada ya kuketi kwa utulivu dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, wala si baada tu ya kikombe cha kahawa chungu. Dawa ikiwasumbueni, semeni, wala msiiache kimya kimya; aghalabu ipo nyingine badala yake. Na la nne ni la watu wa nyumbani: muulizeni mzee wenu, si tu kama amemeza, bali dawa yamfanyaje. Mke amuulize mumewe, na mume amuulize mkewe, kwa staha, mlango umefungwa. Haya ni sehemu ya imani, na Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Basi nasi isituzuie kuuliza yale yanayouhifadhi mwili tuliopewa kwa amana.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na azijaalie nyumba zetu ziwe mahali ambapo mtu huweza kusema maumivu yake bila ya kuogopa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.