Kufuli ya wizi ilivyonipotezea picha za mama

Jumapili moja mwaka wa 2025 tulikuwa tumetoka kanisani, chai iko mezani, niliposikia binti yangu akiniita kutoka sebuleni. "Baba, njoo uone. Faili zote hazifunguki."

Nilidhani ni mzaha. Kwenye kioo cha tarakilishi kulikuwa na barua ya Kiingereza ikidai mamia ya dola kwa sarafu ya Bitcoin, la sivyo tusahau kila tulichohifadhi humo. Kazi ya chuo ya binti yangu ya muhula mzima ilikuwa humo. Aidha, zilikuwemo picha za marehemu mama yangu, na sauti yake akiwasimulia wajukuu hadithi. Sikuwa na nakala nyingine popote.

Ama kweli, mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Miaka miwili awali nilinunua tarakilishi hiyo ya mezani ikiwa mtumba. Fundi akaniambia, "Mzee, Windows halali ni pesa nyingi. Nipe mia tano tu nikuwekee." Akaweka programu ya kuvunja kufuli, akazima kinga ya virusi kwa sababu ilikuwa ikilalamika, akazima pia marekebisho yanayotoka kwa kampuni ili wizi usigunduliwe. Nami nikamshukuru na kumnunulia soda!

Mpwa wangu anayesomea tarakilishi chuo kikuu alipoiona, alitikisa kichwa. "Mjomba, ulimlipa mtu akufungulie wezi mlango."

Alinieleza kwamba hakuna mfumo wa tarakilishi usio na ufa. Swali ni nani anayeuziba, na ataendelea kuuziba hadi lini. Alinikumbusha virusi vya WannaCry vilivyofunga tarakilishi katika nchi nyingi mwezi Mei 2017, hata hospitali za Uingereza zikakwama. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya ufa huo tangu Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wameiweka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi tukaketi jamii nzima kuchagua. Kurudi Windows 10 hakukufaa, kwa kuwa Microsoft ilikomesha usaidizi wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na mashine isiyo kuukuu kama yetu. Tarakilishi za Apple ni nzuri, lakini karo ya muhula ilikuwa ikisubiri.

Ikabaki Linux, iliyoanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi jijini Helsinki, Finland. Mpwa wangu alituletea Ubuntu kwenye flashi, tukaijaribu kabla ya kufuta chochote. Haiuzwi, na matoleo yake ya muda mrefu hupata marekebisho ya usalama bila malipo kwa miaka mitano.

"Na kodi tutalipaje?" mama watoto akauliza. Tukafungua iTax kwa Firefox, ikafunguka. Kazi za Word zikafunguka kwa LibreOffice, ingawa mistari mingine ilihama. Printa ndiyo iliyotutoa jasho siku mbili!

Sisemi kila mtu anifuate. Jirani yangu ni mhasibu, na programu za kazi yake zahitaji Windows. Yeye alinunua mashine yenye Windows 11 halali, na kila inapomwomba kuweka marekebisho, huyaweka. Huyo naye amechagua vyema. Aliye hatarini ni yule mwenye mfumo usiorekebishwa tena, au ule wa wizi, hata uwe na jina kubwa namna gani.

Leo kila mtoto ana akaunti yake, na hakuna anayeweza kuweka programu bila nywila yangu. Kila Jumamosi jioni binti yangu hunakili kazi zetu kwenye diski ya nje, kisha huichomoa na kuiweka kabatini.

Humo kabatini imo pia ile diski ya zamani. Hatukulipa, wala sijaweza kuitupa. Watoto huniuliza kama iko siku tutaisikia tena sauti ya nyanya yao, nami sina jibu la kuwapa.