Kiboriloni: Penzi, Kombi na Saizi ya Tairi

Ukipanda Haisi ya kwenda Himo kutoka Moshi mjini, kabla hujakaa sawa kwenye siti unamsikia konda akiita, "Kiboriloni, wa kushuka!" Wengi wanashuka kwa ajili ya mitumba. Ukijua kuchambua, unatoka pale sokoni na koti ambalo ukifika nalo Dar mashoga watakuuliza umelitoa Ulaya gani. Mimi nashuka kwa sababu ni ukweni. Na Desemba iliyopita, badala ya kuchambua nguo, nilishinda kwa mafundi kando ya barabara nikichambua matairi!

Nianze na gari lenyewe. Marehemu baba mkwe aliacha Kombi la Volkswagen la miaka ya 1970, limelala nyuma ya nyumba kwenye migomba, kuku wanataga ndani. Baba watoto alilifufua kidogokidogo, kila tukienda likizo: mara injini, mara breki. Mwisho akamleta seremala akatengeneza kitanda cha kukunja na kabati la jiko la gesi. Mpango wetu ulikuwa bab kubwa. Krismasi tungepanda nalo Kidia, Old Moshi, kwa ndugu, kisha Mwaka Mpya tuteremke hadi Pangani, sisi, watoto wawili na mama mkwe, tukilala humohumo. Wachaga mnajua, Desemba lazima mtu aende "kuhesabiwa". Sisi tulitaka kuhesabiwa kwa mbwembwe.

Yakabaki matairi. Baba watoto akaenda mjini peke yake, akarudi na manne mapya yanayong'aa, yameandikwa 185/65R14. Fundi pancha akayavalisha kwenye ringi, yakaingia bila tabu. Lakini gari liliposhushwa kwenye jeki nikaona kama limechuchumaa.

"Mbona limefupika?" nikauliza.

"Mama watoto, 185 ni 185, 14 ni 14. Gari niachie mimi."

Jamani! Mbele ya mafundi. Nikanyamaza, ila kimoyomoyo nikawa nachemka.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja jirani, fundi wa Kombi tangu ujana wake, ambaye kila mtu anamwita Meku, yaani mzee kwa Kichaga. Alilizunguka gari mara moja, akalipiga teke tairi la nyuma. "Mwanangu, haya ni ya gari la kwenda nalo kanisani. Hili ni gari la mzigo."

Akatuonyesha. Ile 185 ni upana wa tairi kwa milimita, na 14 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Hapo baba watoto hakukosea. Tatizo lilikuwa ile 65 ya katikati, ambayo ni kimo cha ubavu: asilimia 65 ya upana, yaani kama milimita 120. Tairi la Kombi hili ni 185R14C. Halina namba ya katikati, na ukiona hivyo kimo ni karibu asilimia 80, kama milimita 148. Kwa hiyo gari letu lilikuwa limeshuka karibu sentimita tatu, na hizo sentimita tatu kwenye mawe ya barabara za mlimani ni kitu kikubwa. Tairi fupi pia linazunguka mara nyingi zaidi, kwa hiyo mshale ukisoma 80, ukweli unatembea kama 73, huku injini ikipiga kelele bure.

Kilichonitisha mimi ni namba ndogo inayofuata. Yale mapya yalikuwa na 86, maana yake kila moja linabeba kilo 530. Nikapiga hesabu kwenye simu: manne ni kilo 2,120. Kombi likijaa watu na mizigo linakaribia tani mbili na robo! Na injini iko nyuma, kwa hiyo matairi ya nyuma ndiyo yanayoumia. Yenye herufi C yana ubavu mgumu wa mzigo. Letu linalofaa lina 102, kilo 850 kwa kila moja. Nikawaza lami ya Same saa nane mchana, jua linawaka, mama mkwe na wanangu wamekaa juu ya yale matairi ya nyuma.

Baba watoto hakusema kitu siku nzima. Usiku ndipo akafunguka: hela ilikuwa imeisha. Yale ya mzigo yalikuwa ghali zaidi, na aliona aibu kuniambia baada ya kunitambia mwaka mzima. Nilikuwa nimejiandaa kwa kasheshe, nikakosa hata neno.

Aliyeyauza alikataa kuyarudisha. Tukayauza kwa hasara kwa mwenye gari dogo, tukaongezea hela ya Pangani. Safari hii tukaenda dukani wote wawili. Kimeo cha kwanza nilikikamata mimi: "jipya" la 185R14C, ubavuni tarakimu nne zinasoma 2311. Hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Limezeeka likiwa dukani! Baba watoto akacheka, ya kwanza tangu juzi.

Siku ya Krismasi Meku alijaza upepo, 30 mbele na 40 nyuma, kwa sababu tumejaa. Kutoka Kiboriloni kwenda Kidia ni kupanda tu, migomba na mibuni pande zote, na hewa inapoa kadiri unavyokwenda. Tulipita Tsuduni, alikonyongwa Mangi Meli na Wajerumani Machi 2, 1900, na mama mkwe akawasimulia wajukuu kwa sauti ya chini. Gari lilipanda taratibu kama mzee mwenye bakora.

Kidia ndugu walitutolea mbege na kisusio. Mama mkwe aligoma kulala ndani ya nyumba. Akajilaza kwenye kitanda cha Kombi, mlango wazi, akiuangalia mlima. Kwenye mlango, kwa chaki, mwandiko wa mume wangu: "Mbele 30, nyuma 40. Muulize Mama."

Pangani tumeisogeza hadi Pasaka.