Kompyuta ya Kazini Haisahau

Leo nina kisa kilichonipata kazini, na kwa kuwa huenda kinakusubiri na wewe, nitakieleza pamoja na sababu zake.

Nilipoajiriwa na kampuni moja ndogo hapa Nairobi, nilipewa kompyuta iliyokuwa ya dada mmoja wa idara ya uhasibu. Yeye alikuwa amenunuliwa laptopu mpya. Hakuna aliyeisafisha ile ya zamani. Nilikabidhiwa na akaunti yake, na neno lake la siri likiwa limeandikwa kwenye kijikaratasi.

Siku ya tatu nilikuwa natafuta nyaraka za mteja wetu, zahanati fulani. Nikabonyeza kitufe cha Windows na kuandika neno zahanati kwa Kiingereza. Yakaja matokeo: mkataba, ankara mbili, na PDF moja ambayo jina lake lilikuwa tarakimu tupu. Nikaifungua. Kumbe ni majibu ya maabara ya yule dada.

Nilisoma mistari miwili kabla ya kung'amua ninachosoma. Nikaifunga mara moja, lakini nilikuwa nimeshaona.

Jioni nikamwita kando nikamwambia. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Lakini mimi niliifuta."

Alisema kweli. Alifuta nakala aliyoiweka kwenye deskitopu. Ile ya kwanza, aliyoipakua kutoka kwa barua pepe, ilibaki katika folda ya vipakuliwa. Kisha akaniuliza, "Na wale vijana wawili wa atachimenti waliokuwa wakiitumia kabla yako?" Sikuwa na jibu.

Sasa tuingie kwenye ufundi. Programu ya kutafuta haipekui diski yote kila unapoandika neno. Ingechukua muda mrefu mno. Hutengeneza faharasa mapema, kama ile ya mwisho wa kitabu: neno hili limo katika faili hii na ile. Na haisomi majina ya faili pekee, bali pia maandishi yaliyomo ndani ya Word, PDF na kadhalika. Kwa hiyo kuificha faili ndani ya folda saba, au kuipa jina lisilo na maana, hakusaidii. Siri zetu nyingi zililindwa na uvivu wa kutafuta tu, na uvivu huo programu hizi zimeuondoa.

Jambo hili si geni. Google ilitoa programu yake ya Google Desktop Oktoba 2004. Ilikuwa na kasi ya ajabu, na watu waliipenda. Lakini ilihifadhi pia nakala za kurasa ulizotembelea na faili ulizofungua, hivyo kwenye kompyuta inayotumiwa na wengi, aliyekaa baada yako aliweza kukuta barua ulizosoma. Desemba mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walieleza kasoro ambayo ingewezesha tovuti ya mtu mbaya kuona vipande vya matokeo yako. Google ikaiziba.

Februari 2006 likaja toleo la tatu, lililokuruhusu kutafuta faili za kompyuta yako ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Ukiiwasha huduma hiyo, nakala za maandishi ya faili zako zilipelekwa kwenye seva za Google na kukaa huko hadi siku 30. Shirika la kutetea haki za mtandaoni, EFF, liliwaonya watu wasiitumie. Fikiria ingekuwa ni kompyuta ya wakili au ya hospitali! Google Desktop ilifungwa Septemba 2011.

Programu ilikufa, wazo halikufa. Mei 2024 Microsoft ilitangaza Recall, ambayo hupiga picha ya skrini yako kila baada ya muda mfupi ili uweze kutafuta chochote ulichowahi kuona. Ndani ya siku chache wataalamu walionyesha kuwa hifadhidata yake haikulindwa vya kutosha. Microsoft ikaiahirisha, ikaongeza ulinzi, na kuirudisha Aprili 2025 kwa sharti kwamba mtumiaji aiwashe mwenyewe.

Sisemi uzime utafutaji. Mimi mwenyewe siwezi kufanya kazi bila huo. Ila fanya haya:

1. Kila mtu awe na akaunti yake. Windows hukagua ruhusa, na huwezi kuona faili za akaunti nyingine ukiwa mtumiaji wa kawaida.
2. Kompyuta inapobadilisha mkono, ifutwe yote na Windows iwekwe upya. Kufuta deskitopu si kusafisha.
3. Katika mipangilio ya utafutaji unaweza kuondoa folda zisiingizwe kwenye faharasa. Anza na zile za mishahara na wafanyakazi.
4. Ukiinuka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L.
5. Mambo yako ya binafsi yaache kwenye simu yako.

Wenye kampuni nao wakumbuke kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. "Hatukujua" si utetezi mzuri.

Kesho yake asubuhi yule dada alikuja mezani kwangu kabla wengine hawajafika. Nikampisha kiti. Aliandika jina lake mwenyewe kwenye kisanduku cha kutafuta, na tukayaangalia matokeo yakishuka, mstari baada ya mstari. Alinakili alichohitaji, kisha nikaifuta diski yote mbele yake. Wale vijana wa atachimenti walikuwa wameshaondoka, na mpaka leo hajui kama waliona.