Wali wa Usiku

Mamangu mdogo hajamzika mwanawe. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipokata barabara ya Garsen kwenda Lamu, kijana alipanda mtumbwi avuke. Mtumbwi ulipatikana, yeye, la. Na Tana ina mamba.

Pakazuka neno: ati hakufa, kafanywa msukule, analimishwa mpunga usiku na mzee jirani. Wahaiti wana zombi, mfu anayetumikishwa shambani. Kwao hadithi hiyo inabeba kumbukumbu ya utumwa. Kwetu inabeba jina la mtu. Huyo mzee halali tena kwake, naye ndiye aliyetuazima mtumbwi wa kumtafutia!

Nimemwambia mama haya yote. "Sawa, mwanangu," anajibu, kisha anapakua wali na kuufunika. Asubuhi sahani naiosha mimi.