Kuuliza si ujinga



Wenyeji wangu wa Uswisi walinipeleka mlimani Gornergrat kwa treni ya gurudumu la meno, inayopanda huko tangu mwaka 1898. Tukaketi mkahawani, mita 3,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Dirishani ulionekana mlima Matterhorn, mita 4,478, na watu wakiteleza kwenye theluji.

Ikaletwa supu ya moto yenye vinyama. Baridi na njaa vilinibana, na nikaona haya kuuliza mbele ya wenyeji. Nikauliza. Ilikuwa nguruwe! Mhudumu akaiondoa bila kununa, akaleta viazi vya kuchemsha na mayai.

Ndugu zangu, haya ingenilisha haramu. Ulizeni.