Tujue Jina Kabla ya Kushika Panga



Mwaka huu tumeona tuwaandikie jambo ambalo hatujivunii, lakini lina mafunzo ndani yake. Ni habari ya shamba la wakfu la madrasa yetu, na miti tuliyoikata bila ya kuijua.

Shamba hilo, kama wengi mnavyofahamu, ni ekari tatu nje ya mji wa Muheza, mkoani Tanga. Marehemu aliyelitoa wakfu, Allah amrehemu, alikuwa ameliacha miaka mingi bila ya kulima. Sisi tulipokabidhiwa tuliona pori tu. Tukakubaliana tulisafishe, tupande michungwa, na mapato yake yatengeneze paa la madrasa linalovuja. Nia ilikuwa njema. Jumamosi moja tukatoka na wanafunzi wakubwa, mapanga na majembe mabegani.

Katikati ya shamba upo mti mmoja mrefu, shina limenyooka kama mnara wa msikiti, na matawi yake yanaanzia juu kabisa. Huo tuliujua kuwa ni mvule, kwa sababu mnunuzi wa mbao alikwisha kuja kuulizia bei. Lakini kandokando palikuwa na miche mingi yenye majani ya kukwaruza, na ukingo wa jani una meno madogo kama msumeno. Mwanafunzi mmoja alisimama, akashika jani, akauliza, "Ustadh, mti huu unaitwaje?" Tukamjibu, "Huo ni mti mwitu tu, kata." Naye akakata. Hadi kufika adhuhuri tulikuwa tumefyeka miche zaidi ya thelathini.

Tulipokuwa tunapumzika alipita bibi mmoja wa jirani na mzigo wa kuni kichwani. Tukamwamkia, akaitika marahaba, akatua mzigo wake. Kisha akainama, akaokota mche mmoja, akauvunja. Ukatoka utomvu mweupe kama maziwa. "Wajukuu zangu," akasema, "mbona mmewaua watoto wa mvule?"

Tulibisha. Tukaokota jani lililoanguka kutoka kwenye ule mti mkubwa, tukamwonyesha kuwa ukingo wake hauna meno hata kidogo. Bibi akacheka. "Na wewe Ustadh, ulipozaliwa ulikuwa na ndevu hizo?"

Wiki hiyohiyo tulikwenda kumwuliza bwana misitu, na maneno ya bibi yalikuwa ni ya kweli. Mvule, ambao wataalamu huuita Milicia excelsa, ukiwa mchanga jani lake lina meno na linakwaruza. Ukishakua, jani hupoteza meno yale. Tukajifunza pia kuwa kuna mvule dume na mvule jike. Dume hutoa maua membamba marefu yanayoning'inia kama mikia. Jike huzaa tunda la kijani lililo nene kama kiwavi. Popo hula matunda hayo usiku na kudondosha mbegu mbali. Wa kwetu ni jike. Na wale popo ambao vijana wetu huwarushia mawe, huenda ndio waliopanda miche ile bila ya mtu yeyote kuwalipa.

Yule kijana aliyeuliza alikuja kwetu baada ya sala ya alasiri, ameinamisha kichwa. "Ustadh, je, nimepata dhambi?" Tulimwambia kweli: kosa si lake, ni letu. Yeye aliuliza, sisi tuliokuwa hatujui tukaona haya kusema kuwa hatujui. Kila mwaka tunawasomesha watoto kwamba Allah (S.W.) alimfundisha Nabii Adam (A.S.) majina ya vitu vyote, na sisi tukashindwa kuuliza jina la mti ulio mbele yetu.

Tangu siku hiyo tumeweka sharti: hakuna mti utakaokatwa katika shamba la wakfu kabla haujajulikana. Wanafunzi wana daftari, na kila mti huulizwa mambo manne. Gome lake likoje? Jani ni moja, au ni vijani vingi katika kikonyo kimoja? Ukikwanyua jani hutoka utomvu gani? Tunda na mbegu zikoje? Kisha tunauliza wazee wawili, kila mmoja peke yake, kwani mti mmoja huweza kuwa na jina jingine kwa Wabondei na jingine kwa Wasambaa.

Alama moja haitoshi. Mkuyu ulioko bondeni nao hutoa utomvu mweupe kama mvule, lakini matunda yake hushikana na shina na matawi manene, maana ni ndugu wa mtini. Mkongo tuliutambua kwa ganda lake gumu kama ubao na mbegu nyeusi zilizovaa kofia nyekundu. Tahadhari, wanafunzi: msionje msichokijua, na utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kudhuru uoni.

Wala mti kuota wenyewe porini si ushahidi kuwa ni wa asili. Mwarobaini na mtiki asili yao ni Asia. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil. Tena wilaya yetu ndiyo yenye Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kupanda miti mingi ya kigeni. Kwa upande mwingine, mkwaju ambao Waarabu waliuita tende ya Kihindi, kwao hasa ni Afrika.

Mnunuzi wa mbao alirudi, akaongeza bei. Kamati iligawanyika, na hatuwalaumu waliotaka kuuza, kwani paa linavuja juu ya vichwa vya watoto wao pia. Zaidi ya hayo, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina utaratibu wake wa vibali. Mwisho tulikubaliana mvule ubaki, na michungwa ipandwe upande ulio wazi tu. Paa bado linavuja. Masika haya tumesogeza mikeka ya Juzuu Amma upande wa kibla.

Katika miche tuliyoikata, mitatu imechipua tena kwenye visiki. Kijana yule ndiye anayeipalilia.

Enyi wazazi, likizo hii wapelekeni watoto kwa babu na bibi zao, wazunguke shambani, waandike jina la kila mti kabla wanaoyajua majina hayo hawajaondoka. Nanyi wanafunzi, mwalimu akiwajibu "mti mwitu tu", ulizeni mara ya pili kwa adabu.

Allah (S.W.) atusamehe tulilolikosa, ampe bibi yetu umri wenye afya, na aijaalie miche ile mitatu iwe sadaka yenye kuendelea kwa mwenye shamba. Amin.

Wabillahi tawfiiq.